Taarifa Niliyoinyoosha Mwenyewe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuta neno "nasikia". Lilijitokeza mara kumi na moja katika ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nililihesabu, kwa sababu sipendi neno lirudiwerudiwe. Aliyeongea alikuwa mtu wa kwetu anayeishi katika nchi ileile anayoishi dada yangu. Simjui. Alijirekodi akiwa anaendesha gari, maana nyuma ya sauti yake indiketa ilikuwa inagonga. Alisema anasikia serikali ya kule inataka kukaza masharti ya visa kwa wageni wote wanaoishi huko kwa vibali vya kazi. Anasikia atakayetoka, hata kwa likizo ya wiki mbili, ataanza maombi upya kama mtu ambaye hajawahi kufika. Anasikia watakaoguswa kwanza ni wale wanaofanya kazi za kuhudumia wazee. Dada yangu anahudumia wazee.

Nilikuwa dukani kwangu Kasulu, duka dogo la steshenari ambapo natoa kopi, nachapa barua na kupiga picha za pasipoti. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na hakukuwa na mteja. Nikausikiliza ule ujumbe mara tatu. Kisha nikauandika upya kwenye ukurasa mmoja: kichwa cha habari kwa herufi nene, mstari chini yake, halafu vipengele saba vyenye namba. Kila "nasikia" nililiondoa. Mahali pa "nasikia wataanza" niliandika "wataanza". Kazi yote ilichukua karibu saa mbili, na muda mwingi ulikwenda kwenye kupanga pambizo za ukurasa. Nilipomaliza nikaituma karatasi hiyo kama picha kwenye kundi la familia kwenye simu, nikarudi kuitazama mara kwa mara kama mtu anayetazama shati jipya kwenye kioo.

Niseme hapa jinsi nilivyo. Niliishia kidato cha nne, tena bila ufaulu wa kujivunia. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, na Kiingereza nilijifunza kwenye kamusi niliyopewa ikiwa imeshachanika, inaanzia herufi C. Mtu aliyejifunza namna hiyo huishi akihofia kwamba kuna ukurasa ambao wenzake wote waliusoma, yeye tu ndiye asiyeujua. Kwa hiyo narudia. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Mwanza aliwahi kuniletea barua ya mistari sita ya kuomba ruhusa, nikaichapa mara tano, mwishowe akaichukua ya pili akiwa amesimama mlangoni.

Na niseme pia jinsi tulivyo kwetu, kwa sababu siwezi kusingizia kwamba sikujua. Baba alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, akavushwa akiwa mgongoni mwa bibi. Alipata uraia wa Tanzania akiwa mtu mzima mwenye watoto. Cheti chake cha uraia alikifunga kwenye nailoni mbili, na zikisikika habari kwamba maofisa wa uhamiaji wanapita vijijini, alikwenda nacho hata shambani, amekichomeka ndani ya shati huku akilima. Kwetu mtu akisema neno unaweza kubishana naye siku nzima. Karatasi haibishiwi. Nimekulia katika nyumba hiyo, halafu nikaandika karatasi.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Katika desturi yetu sisi wenye asili ya Burundi, msiba haumaliziki kaburini. Hupita kama mwaka, kisha ukoo unakutana kuuondoa, na hilo tunaliita kuganduka. Watoto wote wa marehemu husimama mbele ya watu, hutajwa atakayeshika nafasi yake, na mjane hurudishwa katika maisha ya kawaida. Mpaka siku hiyo mama alikuwa haendi harusini, anavaa nguo za aina moja, na nywele zake hazisukwi. Siku ya shughuli hiyo ilikuwa imepangwa kufuata likizo ya dada. Yeye ndiye mkubwa wetu. Hakuwa amerudi kwa miaka minane, na mazishi alikuwa ameyaona kwenye simu. Mama alikuwa amesema kitu kimoja tu kuhusu shughuli nzima, kwamba watoto wake watano wasimame pamoja.

Karatasi yangu niliituma Jumanne. Jumatano jioni baba mdogo alimpigia mama kutoka Kibondo mjini akamwambia serikali ya kule imetoa sheria. Hakusema imeandikwa na nani. Nadhani hata hakujua.

Ijumaa mama mmoja aliingia dukani. Alikuwa ametoka Mabamba, upande wa mpakani, akipitia Kasulu kwenda Kabanga kumwangalia mgonjwa hospitalini. Alinipa simu yake akaomba nimtolee nakala tatu za tangazo fulani, kwa sababu mwanawe naye yuko kule na anataka wazee wa nyumbani walione. Nikafungua picha. Ilikuwa karatasi yangu. Ilikuwa imepita mikono mingi hadi maandishi yakafifia, na chini yake mtu alikuwa ameongeza neno moja: Imethibitishwa.

Nilimuuliza ameipata kwa nani. Akasema kwa mchungaji wao, ambaye aliipata kwa kijana anayefanya kazi ubalozini. Alilitamka neno ubalozini polepole, kama mtu anayepita na trei ya vikombe.

Ningeweza kumwambia. Duka lilikuwa na watu wawili tu, mimi na yeye. Badala yake nikafanya jambo ambalo mpaka sasa sijaweza kulieleza vizuri hata kwangu mwenyewe. Kwa kuwa picha ya kwenye simu ilikuwa haisomeki, nilifungua faili la asili kwenye kompyuta yangu nikamtolea nakala kutoka humo.

Akaishika moja kwa mikono miwili. "Hii yako inasomeka," alisema. "Uliitoa wapi?"

"Ninayo," nikajibu.

Akanishukuru akaenda.

Siku hiyohiyo dada alimwandikia mama, kupitia simu yangu, kwamba haji. Alikuwa amepokea tangazo kutoka kwa watu wanne tofauti, wawili wao wakiwa kule kule aliko. Kibali chake kinafuata kazi yake na hufanywa upya kila baada ya miaka miwili. Akikosa kurudi, kazi inakwenda na kibali kinakwenda nayo. Mama aliusoma ujumbe huo kwa kusomewa na mimi kwenye simu, kwa sababu mambo yote ya kule yalikuwa yanapita kwangu. Nilimsomea kwa sauti iliyonyooka. Akasema sawa, akauliza kama mvua imefika Kasulu.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nilitafuta mtandaoni kwa Kiingereza changu kinachoanzia C, nikasoma kurasa za serikali ile moja baada ya nyingine, nikitafsiri hata maneno niliyoyajua ili kuwa na uhakika. Hakukuwa na sheria kama hiyo. Hakukuwa pia na mahali palipoandikwa kwamba haitakuja. Siku ya nne nikampigia dada, asubuhi ya kwetu, akiwa anatoka zamu.

"Dada, ile karatasi niliiandika mimi."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, na viatu vyake vikitembea mahali pagumu.

"Najua," alisema. "Katika ukoo wetu wote, nani mwingine anaweza kuipa hofu namba za vipengele?" Akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nikamwambia nimetafuta kote na sijaona kitu, kwamba ni mtu mmoja tu alisikia kwa mwingine, kwamba anaweza kuja. Akaniambia na yeye aliuliza. Alikwenda ofisi ya kazini kwake na karatasi mkononi, wakampa jibu kwamba hawajui.

"Wangesema hapana, ningekuja," alisema. "Wangesema ndiyo, ningejua nimefungwa, nikatulia. Hawajui, mdogo wangu. Bibi aliitwa mgeni huko, mimi naitwa mgeni huku. Siwezi kupanda ndege na hawajui."

"Omba likizo tena."

"Wameshampa mwenzangu. Na hata wangenirudishia, ningekuja kukaa uani nikiwaza kipengele cha tatu, kile cha kuanza maombi upya. Mwambie mama ukweli. Usimwandikie. Nenda."

Nikaenda Kibondo Jumamosi. Nyumbani kwetu ni Kitahana, wilaya hiyohiyo. Nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka, anapukuchua maharage, na nilimsaidia hadi tukamaliza rundo lote ndipo nikasema. Nilieleza kila kitu, na nikajikuta naeleza hata mambo ya mpangilio, kwa nini niliona inafaa kuweka namba, kana kwamba hilo lingesaidia. Mama alinisikiliza akikusanya maganda.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha yetu, "nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama."

Akamalizia kukusanya maganda. Kisha akasema siku ya kuganduka watu watauliza mkubwa wetu yuko wapi, na atakayejibu ni mimi, si yeye wala baba mdogo. Akainuka akamwaga maganda.

Siku ilipofika walikuja watu wengi kuliko tulivyotarajia. Mitungi ya pombe ya mtama iliwekwa katikati kwa wazee, na kreti za soda pembeni kwa walokole, ambao katika ukoo wetu wanazidi kuongezeka. Majirani zetu Waha walikuja pia, na wao ni watani wetu. Baada ya sala baba mdogo alisimama, akaongea habari za marehemu kwa urefu, akatuita watoto. Tukasimama wanne. Akatutazama mmoja mmoja, ingawa alijua hesabu yetu kama sisi wenyewe, maana desturi inataka asiyekuwepo aulizwe hadharani.

"Mkubwa wenu yuko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, watu walijibu kwenye mabenchi. Sheria imemzuia. Sheria mpya ya kule. Mzee mmoja alifungua koti akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua ili jirani yake aione. Mtani wetu mmoja Mha akasema, "Nyie Warundi, hata kuondoa msiba mnasubiri kibali." Watu wakacheka, na mama naye, chini kwa chini, akacheka.

Nikasema hakuna sheria. Nilisema kwa Kiha, halafu nikarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya walimu na mganga wa zahanati waliokuwepo. "Kuna mtu alisema anasikia. Mimi nikaandika kama ni kweli. Dada yangu hakuzuiwa na serikali. Mimi ndiye niliyemzuia."

Nilikuwa nimejiandaa kupokea hasira yao. Haikuja. Yule mzee mwenye koti aliinama akaisoma tena karatasi yake, kidole kikipita kwenye vipengele.

"Lakini hii imepangwa," alisema.

"Niliipanga mimi, babu."

Akanitazama, akaitazama. Kisha akaikunja vilevile mara nne akairudisha ndani ya koti. Hakuniamini. Wengine waliokaa upande wake nao hawakuniamini, niliona. Wakati huo nilielewa kwamba hakuna maneno yangu ya mdomo yatakayoifikia ile karatasi popote ilipokwenda, Mabamba wala kwingine.

Baba mdogo hakunigombeza mbele za watu. Alisema jibu limesikika, na kwamba nafasi ya mkubwa itakaa wazi mpaka atakapokuja mwenyewe. Shughuli ikaendelea. Shangazi alimwingiza mama ndani, akatoka amevaa kitenge cha rangi, akaketi mbele ya mtungi na kuvuta mrija wa kwanza. Mdogo wangu alirekodi kwa simu. Dada aliitazama video hiyo kesho yake wakati wa mapumziko ya kazini, akaandika kwamba mama amekonda na kitenge kimempendeza. Kuhusu mimi hakuandika kitu.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Dada hajaja hadi leo. Kibali chake kimefanywa upya bila tatizo. Masharti mapya hayajatangazwa, ingawa uvumi wenyewe umebadilika sura mara mbili, na kila mara nimeletewa dukani nitoe nakala. Naitoa kama ilivyo, na namwambia mteja kwamba sijui kama ni kweli. Wengi hawapendi kuambiwa hivyo. Mama amenunua simu ya tachi, mdogo wetu akamfundisha kupiga kwa picha. Sasa anaongea na dada mwenyewe kila Jumapili baada ya ibada, na habari za kule mimi nazipata kwake.