Mwimbishaji Wetu, Mwaka wa Gripu

Ile miaka ya hamsini, gripu, ile homa kali ya mafua, ilipofika Gisenyi, mji wetu kando ya ziwa, mimi nilikuwa kapita wa mtumbwi wa mizigo. Nasema mtumbwi, lakini ilikuwa miwili mikubwa iliyofungwa pamoja kwa mbao, na wapiga kafi wanane na mwimbishaji mmoja. Tulibeba viazi vya Bugeshi na kuvishusha Kibuye. Kapita ni neno kubwa. Kazi yangu ilikuwa kupanga watu na kukaza kamba.

Mshindani wetu alitoka Goma: mashua ya chuma yenye injini. Nahodha wake alikuwa mtu wa Bukavu, mpole. Kila alipotupita tulimzomea.

"Wee! Chungu chako kinatoa moshi, viazi vimeiva?"

Naye alijibu: "Nyinyi muko nane kwa kazi ya mashini moja. Muone haya!"

Tulicheka, lakini tulimwogopa, maana injini haichoki. Kitu kimoja tu tulimzidi. Injini yake ilikuwa kuukuu, bila fundi haikuwaka. Sisi mtu mmoja akikosekana tuliziba pengo.

Matajiri wa viazi walichagua mtumbwi kwa sikio. Sisi tuliegesha Rubona, nyuma ya rasi, kwa hiyo mtumbwi ukienda mjini unasikika kabla ya kuonekana. Mwimbishaji anatupa mstari, wanane wanajibu, na kafi zinaingia majini pamoja na jibu. Jibu likiwa zito na sawasawa, tajiri anajua viazi vyake vitafika kabla ya kuoza. Jibu likipasuka, anageuza uso kwa mwingine. Hivyo ndivyo sote tulivyoamini.

Mwimbishaji wetu alikuwa mume wa dada yangu. Sauti yake sijui niieleze vipi. Ukiwa umechoka kabisa, ukimsikia, mkono unakwenda wenyewe.

Gripu ilipita nyumba kwa nyumba. Katika wanane wangu wanne walilala, nikaweka wengine, hata wavuvi wasiojua kujibu vizuri. Shemeji naye akaugua. Siku ya nne ya ugonjwa wake nikapata habari kwamba tajiri mmoja, Mwislamu wa mjini, ana magunia ya viazi ufukweni, yameanza kupata joto ndani, dalili ya kuoza. Atakayepakia leo, atabeba viazi vyake msimu wote.

Nikaenda kwa dada, pale pale Rubona. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta.

"Shemeji," nikamwambia, "kafi hutashika. Utaimba tu mpaka mjini, halafu unarudi kulala."

Dada akaniangalia. "We unaona huyu ni mutu wa kuimba? Jana alishindwa hata kuomba maji."

Shemeji akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mama, bila mi hawa nane ni mbuzi wa soko. Hakuna atakayewanunua."

Akainuka. Siwezi kusema aliinuka peke yake, maana nilimshika kwapa, na mwili wake ulikuwa moto.

Tulizunguka rasi mvua ikinyesha. Aliimba. Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikukatika, na wale wavuvi wakajibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mashua ya chuma ilikuwa imefungwa ufukweni mjini, haina moshi. Nahodha alisimama mbele ya tajiri, kofia mkononi.

"Hadji, fundi yangu iko kitandani. Siwezi kukudanganya. Ungojee siku tatu, ama uwape hawa."

"Chungu kimezimika!" watu wangu wakapiga kelele. Mimi pia nilipiga.

Tajiri akatunyooshea mkono. "Bon, pakieni. Sasa hivi."

Hakuondoka. Alisimama chini ya upenu wa ghala mpaka gunia la mwisho. Shemeji alikaa mbele, amejifunika gunia tupu. Hapo ndipo ningemwambia ashuke. Lakini niliogopa tajiri atamwona hawezi kutembea na kutunyang'anya mzigo. Nikajiambia nitamshusha Rubona tukipita. Tulipofika Rubona aliinua mkono. Nilidhani anatuashiria tuendelee. Labda alikuwa anafuta mvua usoni. Nimelifikiria mara nyingi, na bado sijui. Tukaendelea.

Tulifika Kibuye siku ya pili. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, hakuweza kusema. Kwenye dispanseri walimpa vidonge, wakasema hawana kitanda, na kweli watu walilala mpaka nje. Baada ya siku mbili mashua ya chuma ikaingia, fundi wake amepona kidogo. Nahodha alipomwona shemeji, alimlaza karibu na injini, mahali penye joto, akatupakia sisi wawili kuturudisha nyumbani; wenzangu walibaki na mtumbwi. Shemeji alikufa kabla hatujaiona Rubona. Nahodha akavua kofia, akakaa nasi kidogo, kisha akarudi kwenye usukani.

Msimu wote tulipewa viazi, kama ilivyoahidiwa. Hakuna aliyekubali kukaa mahali pa shemeji. Mmoja aligonga ubao, tukapiga kafi kwa kufuata ule mdundo.

Tajiri alikuja kutoa pole, akamletea dada mchele na kitambaa. Nje, akaniambia taratibu: "Kapita, watu wanasema mlimwimbisha mgonjwa ili nisikie. Mi sikusikia wimbo. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ghala. Niliwapa kwa sababu mulikuja, na mwenzenu hakuwa na fundi. Nani mwingine alikuwako?"

Pengine alisema hivyo ili asibebe lawama. Pengine ni kweli, maana mvua ile ilikuwa kubwa. Sipendi kumhukumu.

Niliona si haki kumficha dada. Nikamwambia neno kwa neno. Alikuwa anakunja kile kitambaa. Akaacha.

"Kwa hiyo hata angelala hapa, mungepewa?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi ungeenda na wale wako, na mi ningekuwa na mutu."

Nilikaa mpaka aliposimama kufunga mlango, nikatoka.