Cherehani Iliyotoka Vitani

Riwaya za Wanaijeria ndizo zilizonifundisha kumshuku babu yangu. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Dodoma, na nilikuwa nimechagua kuandika tasnifu kuhusu vita, familia na utamaduni katika riwaya za nchi hiyo, kwa sababu wenzangu karibu wote walikuwa wamekimbilia vitabu vya hapa nyumbani na mimi sipendi kugombania meza moja. Nilisoma vitabu vitano mfululizo. Kufika cha tano nilikuwa sisomi tena kama mwanafunzi, nasoma kama askari polisi. Kila mwanaume aliyerudi kutoka vitani nilimkagua: amebeba nini, analala wapi, kwa nini hali chakula na watoto wake. Katika vitabu vile, vita vilipokwisha kulikuwa na kitu kilichoingia nyumbani pamoja na baba, saa au redio au baiskeli, na familia nzima ilijifunza kukizunguka bila kukitaja.

Mhadhiri wangu alisoma sura ya kwanza, akaniuliza swali moja tu. "Na kwenu je? Kwenu hakuna vita?"

Kwetu ni Mungaa. Vita havikufika Mungaa, lakini babu alivifuata. Alikwenda na mgambo wakati wa vita vya Uganda, akiwa kijana mwenye mke na watoto wawili. Alirudi na viungo vyake vyote, na cherehani. Cherehani hiyo ya miguu ndiyo iliyotusomesha. Bibi alishonea sare za shule, magauni ya komunyo na kanzu za Idi, na hata nilipokwenda chuo ilikuwa bado iko chini ya dirisha la chumba cha mbele, imefunikwa kitambaa. Sikuwahi kujiuliza ilitoka wapi, kama vile sikuwahi kujiuliza dirisha lilitoka wapi.

Likizo ile nilikwenda nyumbani na vitabu viwili na daftari, nikaanza kuuliza. Baba aliniambia babu aliinunua kwa hela aliyolipwa alipoachiwa kutoka vitani. Shangazi alisema hapana, alipewa zawadi na mkubwa wake kwa sababu ya ushujaa. Bibi, mwenye cherehani, alisema neno moja.

"Ilikuja."

Majibu matatu kwa swali moja! Mtu anayesema kweli hahitaji wasaidizi. Nikaenda kwa babu mdogo, ndugu wa babu wa tumbo moja, ambaye boma lake na letu yanatenganishwa na ua wa minyaa. Huyo hakusita hata kidogo.

"Ile mashine ina machozi ya watu," alisema. "Kaka yangu aliichukua kwenye nyumba ya mtu. Kwani umewahi kumwona anaigusa?"

Kweli sikuwahi. Babu anatengeneza plau za kijiji kizima, baiskeli, hata kufuli za kanisani. Lakini mkanda wa cherehani ukikatika, bibi anangoja fundi wa Ikungi mpaka siku ya mnada. Na mgeni akiisifia ile mashine, babu huinuka akaenda zizini, hata kama ng'ombe wako machungani. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Niliiandika methali hiyo kwenye daftari nikaipigia mstari.

Jumapili bibi alipokwenda kanisani nilisema naumwa kichwa. Nilitoa kitambaa nikaikagua cherehani kila upande. Pale shingoni, mahali ambapo maduka hubandika kibati chenye jina lao, palikuwa na matundu mawili ya skrubu na alama ya mstatili ambayo rangi yake haikupauka. Kibati kilikuwa kimeng'olewa. Kwa nini mtu ang'oe kibati, kama si kuficha mali ya mwenzake? Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwa sababu sura ya mwisho ya tasnifu ilikuwa imejiandika yenyewe.

Siku mbili baadaye nilimsomea bibi kipande cha riwaya mojawapo, nikikigeuza Kiswahili kadiri nilivyoweza. Tulikuwa uani tunapepeta uwele. Kipande kilimhusu mwanamke ambaye mumewe alipotea vitani, naye kila siku alimpakulia chakula chake na kukifunika, mpaka vita vikaisha na mume akarudi. Nilitaka kumwona uso akiisikia habari ya vita.

"Alingoja miaka mingapi?" bibi aliuliza.

"Mitatu."

"Na watoto walikula nini?"

"Kitabu hakisemi."

"Aliyekiandika ni mwanaume?"

"Ni mwanaume, bibi."

"Nilijua," alisema, akaendelea kupepeta. Nilidhani ananikwepa, nikaandika hivyo pia.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni langu peke yangu. Niliacha kumwamkia babu. Kwetu mtoto anaweza kuwa mvivu, anaweza kufeli, anaweza hata kurudi na mimba, lakini hapiti mbele ya mzee bila shikamoo. Mimi nilipita. Siku ya kwanza babu alidhani sikumwona. Siku ya pili alikohoa. Siku ya tatu nilipokuwa natoka na ndoo, yeye ndiye aliyeanza kunisalimu, "Hujambo, mjukuu wangu," kama mtu anayemsalimu mgeni wa heshima, nami nikajibu "Sijambo" nikaendelea na safari yangu. Nilijiona jasiri kama wale mabinti wa kwenye riwaya wanaowakabili baba zao. Nyuma yangu nikasikia cherehani imenyamaza.

Bibi alinivuta mkono hadi jikoni, akarudisha mlango. Sikuwahi kumwona amekasirika vile.

"Babu yako hajaiba hata sindano," alisema. "Mwizi ni mimi."

Akanieleza. Babu alipokwenda vitani, barua ilikuja moja, kisha zikakatika. Kijijini wengine waliletewa habari mbaya, wengine waliletewa nguo tu. Bibi alingoja mavuno, yakapita, na mwaka ule yalikuwa haba. Akaamua moyoni kwamba mume wake amekufa. Hakumwambia mtu. Alijua mila: msiba ukishatangazwa, yeye na watoto wangerithiwa na shemeji yake, yaani babu mdogo. Hakumtaka. Zizini kulikuwa na dume lililokabidhiwa babu alitunze kwa ajili ya mahari ya mdogo wake huyo huyo. Bibi akampa kaka yake alipeleke mnada wa mbali, upande wa Kintinku, ambako hakuna aliyeijua alama ya ukoo wetu. Kwa shemeji akasema limepotelea machungani. Fedha ikanunua cherehani kwenye duka la Singida mjini, na cherehani ikafichwa kwa dada yake Ikungi. Akawa anaaga kwamba anakwenda kumuuguza dada, kumbe anajifunza kushona, ili siku ya kutangaza msiba awe na cha kushika.

"Nilikuwa barazani kwa dada, mguu uko kwenye pedali," bibi alisema. "Lori likasimama barabarani. Akashuka yeye."

"Ukafanya nini?"

"Nikalia. Akafikiri ni furaha. Ikabidi nimwambie yote, maana dume halipo na mashine ipo."

Babu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga wala kumtukana. Aliomba maji, akanywa, akaomba bisibisi. Aling'oa kile kibati chenye jina la duka la Singida, akakitupa chooni. Halafu akakodi mkokoteni wa punda, akapakia mashine pamoja na blanketi lake la jeshi, wakaingia Mungaa mchana kweupe, watu wote wakiona kwamba ameileta yeye kutoka vitani.

Jikoni kulikuwa na moshi, na nililia bila kujua kama ni moshi au mimi. Nilimuuliza bibi kwa nini hawakusema baadaye, mambo yalipopoa. Akanitazama kana kwamba sina akili. Babu mdogo alichelewa kuoa miaka mingi kwa sababu ya lile dume. Na katika ukoo wetu mke akifa, mdogo wa mume ndiye anayeonyesha mahali pa kuchimba kaburi. Akikataa, maiti inarudishwa kwa wazazi wake kama mke aliyeachika.

"Nimezaa hapa, nimezeekea hapa," bibi alisema. "Sitaki kurudishwa nikiwa nimekufa."

Nilitoka nikamkuta babu zizini. Nikapiga magoti kwenye samadi nikamwamkia. Akaitikia marahaba, na hakuuliza zile siku tatu zilikuwa za nini. Nilipomwambia kwamba najua, aliuliza nimeandika nini kwenye karatasi za chuo. Nikamwambia nimeandika kwamba aliiba, na kwamba nitaichana sura yote niandike ukweli. Huko Dodoma hakuna mtu wa Mungaa atakayeisoma.

"Kitabu kimetoka Nigeria, kimekufikia wewe, umekuja nacho mpaka hapa kunishuku mimi," babu alisema. "Halafu unaniambia karatasi ya Dodoma haitafika Mungaa? Acha kama ilivyo. Andika niliiba."

Niliacha kama ilivyo. Mhadhiri alinipa alama nzuri, na pembeni ya ukurasa ule akaandika kwamba mfano wa nyumbani umeipa kazi uzito. Sikuwa na furaha nayo. Tangu hapo riwaya zile nazisoma kwa wasiwasi mwingine. Nikimkuta baba aliyerudi na redio, na familia yake imenyamaza, najiuliza ni nani hasa anayefichwa. Hata yule mwanamke wa sahani iliyofunikwa simwamini tena. Huenda aliyemwandika naye aliambiwa aache kama ilivyo.

Babu mdogo ametangulia mbele ya haki mwaka huu, ndiyo maana naandika. Babu yupo, na hajui kwamba naandika. Huenda nakosea tena. Lakini nimechoka kusikia watoto wa majirani wakiitaja mashine ya wizi, naye anapita katikati yao na fimbo yake kama kiziwi.

Bibi alikufa kabla yake. Asubuhi ya maziko ukoo ulikusanyika uani, na vijana walisimama na majembe wakingoja. Babu mdogo alichukua muda mrefu. Mimi nilikuwa nimemshika babu mkono, na nilimsikia anavyohema. Hatimaye yule mzee akatembea hadi upande wa jua kuchomoza, mahali pa heshima, akakita mkongojo wake chini.

"Mchimbe hapa," alisema. "Wake wengine walikata tamaa. Huyu alimngoja mume wake." Kisha akamgeukia babu, akamtazama kwa dharau ile ile ya miaka yote. "Hukustahili mwanamke kama huyu."

"Kweli," babu alisema. "Aliningoja."