Karani Asiyependa Penseli

Miaka ile ya vita, ofisi ya msaada pale Rumonge ilikuwa na ramani ya karatasi ukutani, na yeyote aliyefika kutoka njiani aliruhusiwa kuchora alichokiona: daraja limevunjika, kijiji kimekimbiwa. Wageni walichora kwa penseli. Karani wa ramani alizipitia alama zao zote kwa bic nyeusi, ncha ya ulimi nje, kidole cha mwisho kimenyooka kama cha bibi harusi anayekunywa chai, kisha akapuliza wino ukauke. Penseli, alisema, ni ya watoto wa shule.

Elda aliteremka kutoka milima ya Muhuta kuuliza kwa nini mchele wa msaada haupandi kwao. Karani alimwonyesha msalaba mweusi kwenye ramani, juu ya kijiji chao.

“Kule hakuna watu, mama.”

“Iko watu. Mimi niko natoka kule.”

“Ramani inasema mulikimbia.”

“Tulikimbia, tukarudi. Futa basi.”

“Wino haifutike, mama. Murakoze, asante.” Alimtazama kwa upole, kama anayembembeleza marehemu mbishi.

Elda aliichukua bic mezani.

“Nyumba yenu iko wapi?”

“Magara,” alijibu karani kwa majivuno.

Elda akaitia Magara msalaba mnene, akaupuliza.

Karani alitafuta wembe. Alikwangua huku jasho likimtoka, kidole cha mwisho kimejikunja, mpaka Magara ikawa tundu na ukuta ukaonekana. Elda alimshikia karatasi isitikisike.

“Ukimaliza hapo,” alimwambia, “uje kwetu.”