Kibao Kitupu cha Bi Fumua

"Shangazi, mbona kibao chako hakina maandishi?"

Mpwa alipouliza hivyo alikuwa na miaka sita, ameketi juu ya marobota ya vitambaa akichezea vifungo. Juu ya mlango wa duka la ushonaji kilipigiliwa kibao cha mbao, kimepakwa rangi nyeupe safi, na hakikuwa na hata herufi moja. Shangazi mtu akakata uzi kwa meno, akasema, "Nipe hiyo chaki, we mdomo!" Yakaishia hapo.

Miaka kumi ikapita, kibao kikabaki vilevile. Wateja wakajichagulia jina wenyewe: walimwita Bi Fumua, maana akiona mshono umepinda kidogo tu, anafumua hata kama mwenye nguo ameshaivaa na yuko mlangoni anaaga.

Akiwa na miaka hamsini na mbili, Bi Fumua alijiandikisha darasa la jioni la kompyuta, akarudi na Java, lugha ya kuandikia programu, kichwani na maringo mabegani. Akaandika programu yake ya kuchapa lebo za kola: jina la duka juu, saizi chini.

Siku ya kwanza kuitumia haikuwa siku ya mchezo. Saa kumi alasiri mwalimu mkuu wa shule ya jirani angekuja kukagua shati la mfano. Akiridhika, sare zote za shule zingeshonwa hapo. Asiporidhika, zingeenda kiwandani. Sharti lake lilikuwa moja: kila shati liwe na jina la duka, ili likifumuka ajue pa kulirudisha.

Saa tisa na nusu printa ikakoroma, ikatema lebo. Bi Fumua akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"null, saizi 34. Huyu null ni nani tena?"

Mpwa wake, ambaye naye alikuwa akijifunza Java shuleni, akainamia skrini huku akijikaza asicheke.

"Shangazi, tazama hapa juu. Umeandika String jinaLaDuka, ukaacha. Umetangaza kwamba kuna kisanduku cha maneno, ila maneno yenyewe hujayatia. Ukitangaza hapa mwanzoni mwa klasi, Java inakuwekea null, yaani hamna kitu."

"Si ingenikatalia tu!"

"Ungetangaza ndani ya methodi, yaani kifungu kimoja cha maagizo, kisha ukatumia hivyohivyo, ingekukatalia. Hapa imekuvumilia."

"Imenivumilia au imeniumbua? Haya, niweke alama za kunukuu, katikati patupu."

Lebo ya pili ikatoka: juu peupe, chini saizi 34.

"Hapo sasa umeipa thamani," mpwa akasema. "Ni maneno, ila hayana hata herufi moja. Kama vile..." Akakitupia jicho kibao cha mlangoni.

Bi Fumua akakitazama pia. Zilibaki dakika kumi na tano.

"Sogea," akasema.

Akachapa kwa kidole kimoja: String jinaLaDuka = "Fumua Ushone";

Lebo ikatoka na jina lake. Akaishona kwenye kola kwa mkono, akaikagua, akaona imekaa upande. Akafumua.

"Shangazi, saa!"

"Saa haivai shati."

Mwalimu mkuu alipofika, alipindua kola, akasoma, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Fundi anajisema mwenyewe! Jumatatu nakuletea darasa la kwanza, uwapime."

Hakuwa amefika hata barabarani, Bi Fumua yuko juu ya stuli na brashi ya rangi. Mpwa akashika miguu ya stuli.

"Lakini Shangazi, nilikuuliza zamani hukunijibu. Mbona ulikiacha kitupu miaka yote hii?"

Brashi ikasimama kwenye herufi ya kwanza.

"Kuandika jina ni kumwambia mtu, nguo ikiharibika nirudishie, utanikuta. Na mimi, mwanangu, kila siku nilidhani kesho nafunga duka. Shika stuli vizuri."