Obdulia Hakupiga Simu

Kijijini kwetu Valdecuervo, mjane akivaa nyeusi haivui tena mpaka naye azikwe. Obdulia aliivaa mwezi mmoja. Mwezi wa pili aliikunja, akaitia sandukuni, akashuka mjini kununua helmeti nyeupe ya pikipiki. Wanawake wa kanisani walisema huzuni imempanda kichwani. Mimi nilisema ni akili iliyompanda, lakini nani amsikilize mwanamke mwenye baa?

Pikipiki ilikuwa ya marehemu mumewe, Saturnino. Nyekundu, kuukuu, ya zama zile ambazo hakukuwa na mshale wa kukuonyesha petroli imebaki kiasi gani. Saturnino alikuwa mtu mwema na bahili wa kupindukia, na katika ndoa yao yote hakumwachia mkewe usukani hata wa kuzungukia uwanja. Obdulia alikaa nyuma. Siku moja aliniambia hapa kaunta, "Jirani, mlima huu nimeuona maisha yangu yote pembeni mwa sikio la mwanamume. Sasa nataka kuuona wenyewe." Akajifunza na mvi zake. Mtihani wa leseni alianguka mara mbili, na mara zote mbili wazee wa uwanjani walimpigia makofi ya kejeli akipita. Mara ya tatu alifaulu, akawapigia honi mpaka mbwa wakakimbia.

Wazee walizoea. Aliyekataa kuzoea ni mwanawe wa pekee, Ginés, ambaye anafanya kazi katika ofisi ya bima huko mjini, kazi ya kufikiria mabaya yatakayowapata watu. Kila Agosti huja kwa sikukuu ya kijiji. Mwaka ule alikuja na habari, akazitoa hapa hapa kwangu, watu wamekaa na bia zao na zeituni.

"Mama, Jumatatu kuna mtu anakuja kuichukua."

"Kuichukua nini?"

"Unajua nini. Nimeshapatana naye. Mama, una miaka sitini na nane. Simu ikilia ofisini, moyo wangu unaruka."

"Basi izime."

"Sitanii, Mama."

"Na mimi nacheka? Hebu nitazame usoni, Ginés. Nacheka?"

Obdulia akasimama.

"Kesho navuka mlima wa Grajo, nateremka mpaka Torrejasa ng'ambo, narudi hapa kabla ya kengele ya misa ya jioni. Peke yangu. Sibebwi, sivutwi. Nikimpigia mtu yeyote simu aje kuniokoa, iuze, na hela ukanywee. Nisipopiga, hutaigusa wala kuitaja mpaka nife."

Akanyoosha mkono. Sasa, milimani kwetu watu huuziana kundi zima la mbuzi kwa kupeana mkono, na mtu wa tatu huweka wake juu kuufunga mpango. Mkono wa namna hiyo hauna rufaa. Anayeuvunja hauziwi tena hata kuku. Ginés, pamoja na makaratasi yake yote ya bima, alibadilika rangi. Lakini macho yote yalikuwa kwake, akautoa. Mzee Celedonio, mchuuzi wa mbuzi, akainuka na fimbo yake, akaweka kiganja juu ya viganja vyao.

"Yamekwisha," akasema, akarudi kwenye bia yake.

Asubuhi nilikuwa namwagia maji kibaraza Obdulia alipokuja na pikipiki kunywa kahawa na kula mkate wake wa mafuta na nyanya. Alipomaliza, alishika usukani, akaitikisa pikipiki huku na huku, ameinamisha sikio. Ndivyo wanavyopima petroli wenye pikipiki za zamani. Hata mimi nilisikia: mlio kama wa maji kidogo ndani ya mtungi, huo tu.

"Juzi niliijaza Torrejasa," akasema polepole. "Nikarudi, nikaiegesha bandani, nikafunga."

Tukatazama nyumba yake hapo jirani, dirisha la juu, la chumba alicholala Ginés. Mbao zimefungwa. Damu ilinichemka.

"Ngoja nimwite Celedonio. Mkono umeshavunjwa, huendi popote."

"Utathibitisha kwa nini? Atasema imevuja."

"Basi tutafute petroli. Pampu iko ng'ambo ya mlima, Obdulia! Hufiki."

"Trekta zote hizi ni za dizeli. Na nikigonga mlango mmoja kuomba, ni sawa na kupiga simu kwa miguu." Akavaa helmeti. "Kupanda nitapanda taratibu. Kushuka, mlima utanibeba."

Nikamwelewa, maana mimi pia ni wa zamani. Enzi za njaa, hakuna aliyechoma petroli kwenye mteremko katika milima hii. Ukifika kileleni unazima injini, unaachia chombo kishuke chenyewe. Siku hizi askari wa barabarani wakikuona wanakuandikia faini, na wana haki, kwa sababu breki zikichemka huna kingine cha kukushika. Saturnino alifanya hivyo mpaka siku aliyougua. Na nani alikaa nyuma yake miaka yote ile, akisikiliza lini anakamata breki na lini anaachia?

Yaliyofuata kanisimulia mwenyewe, na Obdulia haongezi chumvi, ana chumvi ya kutosha.

Alipanda Grajo kwa gia kubwa na mwendo mdogo. Jua limesimama utosini, lami imelainika, misonobari inatoa utomvu, nyenje wanapiga kelele ya kuumiza meno. Pikipiki kubwa zilimpita kwenye kona, moja moja, na kila mpandaji akachomoa vidole viwili vya mkono wa kushoto, salamu yao. Naye akajibu kwa viwili vyake. Anaipenda salamu ile kuliko ile ya kupeana amani kanisani, kwa sababu hakuna anayemuuliza ana miaka mingapi.

Kileleni alizima injini, akajiachia. Alisikia kengele za mbuzi mabondeni, alisikia matairi yake mwenyewe. Anakamata breki kidogo, anaachia, anakamata. Zilipoanza kunuka, alisimama kwenye chemchemi iliyo kando ya njia, akazingoja zipoe, akajimwagia maji shingoni. Hapo vijana watatu wenye pikipiki mpya wakasimama.

"Bibi, imekufa?"

"Imepumzika."

"Tukupigie simu nyumbani? Waje na gari?"

"Wewe thubutu. Nitaitupa simu yako bondeni na wewe uifuate."

Wakacheka, wakampa kipande cha tikiti, wakaenda zao.

Kabla ya Torrejasa kuna mwinuko wa mwisho. Si mkubwa, ukiwa na injini huuoni. Katikati yake petroli ikaisha kabisa. Obdulia akashuka, akaanza kusukuma, jasho linaingia machoni, buti zinanata barabarani. Simu ilikuwa mfukoni, kifuani. Angebonyeza mara moja tu, baada ya dakika chache angekuwa kwenye gari lenye baridi. Aliniambia alilia pale. Si uchovu, ni hasira: kwamba mtoto wake alinyemelea banda la mama yake na mpira wa kunyonyea petroli, kisha akaenda kulala. Alilia huku anasukuma, na hakusimama ili alie vizuri.

Alipofika kwenye pampu, imefungwa. Ni saa ya usingizi wa mchana, na Torrejasa nzima iko kitandani, hata nzi. Mwenye pampu, Baudilio, analala ghorofani juu yake. Yeyote wa kwetu anajua kwamba usingizi huo hauvunjwi ila kwa moto au maiti. Obdulia akaegemea honi.

Mbao za madirisha zikafunguka mtaa mzima. Baudilio akatokea na fulana, nywele zimesimama.

"Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Shuka upesi!"

"Mwanamke, una wazimu? Njoo saa kumi na moja!"

"Saa kumi na moja niko juu ya Grajo. Ama unashuka, ama nakupigia honi mpaka betri iishe, na hii betri ni mpya."

"Baudilio, mpe hiyo petroli!" sauti ya kike ikalia kutoka dirisha jingine. "Mpe tulale, mtu mzembe wewe!"

Akashuka na kandambili, akinuna, akajaza tangi. Alipoiona helmeti imelowa jasho, akaacha kununa, akaingia ndani, akamletea bilauri ya supu baridi ya nyanya. Obdulia akainywa wima.

Huku kijijini, Ginés alikaa mlangoni mwa baa yangu tangu adhuhuri, simu mezani, sahani ya chakula haijaguswa. Kila baada ya muda alikuwa anaigeuza simu kuona kama inafanya kazi. Sikumwonea huruma. Sawa, nilimwonea kidogo, alikuwa mweupe kwa woga. Jua likaanza kuelemea upande wa kanisa, watu wakaanza kutoka ndani kuja kuona. Padre mwenyewe alichelewa kuvaa mavazi ya misa.

Tukaisikia kabla ya kuiona. Ilishuka kona za juu ikinguruma, si ile ya kujiachia, ni injini yenye shibe. Ikaingia uwanjani, ikazunguka kisima mara mbili, kengele ikiwa bado imenyamaza. Wazee walipiga makofi, na safari hii hayakuwa ya kejeli. Obdulia akavua helmeti. Uso mwekundu, vumbi mpaka kwenye kope.

Ginés akaruka kutoka kitini. Nadhani alitaka kumkumbatia. Lakini mdomo ulitangulia.

"Haiwezekani! Mama, nilikuachia lita mbili tu!"

Alichokuwa amekisema alikisikia pamoja na sisi. Mzee Celedonio alikitazama kiganja chake mwenyewe, kile alichokiweka juu ya mikono yao, akakifuta kwenye suruali.

"Nilijua," Obdulia akasema. "Asubuhi niliitikisa."

"Ulijua, na bado ukaenda?"

"Ulitaka nikae?"

"Nilitaka ikuzimikie hapo karibu, unipigie, nije nikuchukue, yaishe! Sikutaka uumie." Machozi yalimtoka, mtu mzima mwenye kitambi na mke. "Baba nimemzika majuzi. Mimi naogopa, Mama. Sitaki kukuzika."

Obdulia alimfuta mwanawe shavu kwa glovu yenye grisi, akamwachia alama nyeusi.

"Utanizika, Ginés. Hiyo ni kazi ya mtoto, na wewe utaifanya vizuri, najua. Ila ngoja kwanza nife."

Akanyoosha mkono. Si wa kupeana, kiganja kilitazama juu. Ginés akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba wa banda la pikipiki, akamwekea kiganjani mbele yetu sote. Obdulia akaufungia ngumi, akaniambia nimletee bia.