Kipande Kilichobaki Kichwani

Nawaeleza haya ninyi mnaolea mtoto aliyepasuliwa kichwa.

Tulikaa Kicukiro, mjini Kigali. Papa aliendesha lori la kahawa, mama aliuza mihogo sokoni. Mimi nilikuwa mtoto wa mbio. Mwaka 1990, nikiwa na miaka tisa, nilianza kutapika kila asubuhi na kuyumba kama mlevi. Hospitalini walimwambia papa anipeleke Nairobi.

Huko nilipasuliwa kisogoni, ukatoka uvimbe mkubwa kama limau. Daktari akamwambia papa, "Kipande kidogo kimebaki mahali nisipothubutu kugusa. Tutakichoma kwa mionzi, wiki sita. Msikatize."

Wiki ya tatu vita vikaanza kwetu mpakani. Mama alikuwa Kigali na wadogo zangu. Mimi nilikuwa nakula vizuri, sitapiki tena. Papa akasema, "Umepona. Twende nyumbani."

Karibu miaka miwili nilikuwa mzima. Hatukurudi kupimwa. Kisha kichwa kikaanza tena. Niliogopa kupasuliwa, nikanyamaza. Nilitapika nyuma ya choo nikafukia kwa udongo. Siku moja mama aliniona nikimimina uji nje ya kikombe.

"Kichwa iko nakuuma tena?"

"Hapana, mama."

"Usinidanganye. Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Ilikuwa mwezi wa saba.

Njia ya Uganda ilikuwa imefungwa na vita, tukazungukia Tanzania hadi Nairobi. Daktari alikuwa yule yule. Papa akamuuliza, "Ni mimi nilimharibu?"

Hakumbembeleza, wala hakumkemea. "Uvimbe wa aina hii hupenda kurudi, na kipande kilibaki. Hayo si yako. Mionzi ilikatizwa, vipimo havikufanyika, na mmechelewa."

"Kuchelewa ni kwangu," nikasema. "Nilificha."

Papa alinishika mkono.

Safari hii uvimbe wote ulitoka. Papa aliacha lori, akakaa nami wiki zote sita za mionzi. Ngozi ya shingo iliungua, mate yakakauka. Vipimo vya 1993 vilikuwa safi. Sikio la kulia halisikii, na kimo changu kiliishia hapo.

Namshukuru Mungu, daktari na wazazi wangu. Ulizeni ni nini kimebaki. Malizeni mionzi hata mtoto akiwa anacheka. Na tarehe ya kipimo ikifika, akiwa mzima kabisa, mtaona kama mnapoteza siku bure. Ipotezeni.