Mahali pa Kapita Kuogelea

Marehemu mume wangu Paulin, mwashi aliyejenga kuta nyingi za mtaa wetu wa Himbi mjini Goma, hakuwahi kuniuliza kama maji ninayooga ni safi. Maji ya mbwa wake ndiyo aliyoyachunguza! Kapita alikuwa na upele usiosikia dawa, na ziwa peke yake lilimtuliza. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi tulishuka watatu kumtafutia mahali.

Ufuoni Kituku, wanapoteka maji, hapana. Wanapoparua samaki, hapana. Penye mafuta ya injini, hapana kabisa. Paulin akiona maji mazuri aliwasha mshumaa, akaushusha hadi usawa wa pua ya mbwa, maana Goma kuna mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini na kulala mabondeni pasipo upepo. Mtu aliyesimama anaweza kupita salama, mbwa akaanguka. Mshumaa ukizimika, tunahama. Majirani walisema Papa Paulin anamsomea mbwa misa. Nilicheka nao, kisha nikabeba taulo. Jamani, nilizipenda Jumamosi zile.

Mwezi wa saba mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda wakaujaza mji, kipindupindu nacho kikaingia. Paulin akakataa katakata mbwa aingie kwenye maji wanayokunywa watu. Kapita akajikuna hadi damu. Mwishowe tukaenda kujaribu kishimo kimoja kando ya ziwa, kati ya mawe ya volkano. Maji yake yalikuwa safi, lakini wenyeji walipaogopa.

Ukingoni tulimkuta mama mmoja mkimbizi, Béata, ndiyo kwanza anafika, mkeka kichwani, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Alifurahi kupata mahali patupu. Paulin akashusha mshumaa. Ukazimika.

"Mama, usishuke na batoto. Hapa iko mazuku."

"Ni upepo tu," alisema Béata.

Hapakuwa na upepo. Akamtazama Kapita na kamba yake.

"Muzee, unatufukuza juu imbwa yako ioge? Sisi hatuko batu?"

Simlaumu. Hata mimi ningewaza hivyo. Paulin alieleza, akaapa, akasihi, lakini mama yule alikuwa amechoka kufukuzwa, akaanza kushuka.

Mume wangu akaifungua kamba.

Kapita alimpita Béata mbio, mkia juu, akielekea majini. Hakuyafikia. Miguu ilimlegea, akalala ubavu, akatulia.

Béata alirudi juu mbio na wanawe. Paulin hakuweza kumfuata mbwa wake mpaka upepo uvume, akakaa juu ya jiwe na kumwita kwa jina, ingawa alijua. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga.

"Ilikuwa inaitwa nani?" Béata aliuliza baadaye.

"Kapita."

Akawageuza wanawe watazame kule chini, akawaambia kwa Kinyarwanda wamshukuru. Wakamshukuru, yule mkubwa akimtaja jina. Hapo ndipo mume wangu alipolia.